Mwanangu, nenda watakakokujua kwa jina

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliponiuliza kwenye simu, "Baba, ungekuwa wewe ungechagua ipi?", kati ya Harvard na Tuck, shule hizo mbili za biashara za Marekani, nilikuomba siku mbili. Jibu nilikuwa nalo, ila haliwezi kutosha kwenye simu ya dakika kumi, na sikutaka ulisikie kama amri.

Nianze na la mtaani maana najua linakusumbua. Harvard kila mtu hapa Tanga analijua jina. Ukitaja Tuck, watu wanakutazama wakisubiri umalizie. Mjomba wako ameshatangaza harusini kwamba mpwa wake anakwenda Harvard. Hilo la mjomba niachie mimi, nitaongea naye. Wewe usichague shule kwa ajili ya watu watakaoisikia mara moja kwenye harusi.

Sijawahi kukusimulia vizuri habari za shahada yangu ya pili. Unajua tu kwamba nilisoma. Darasa letu lilikuwa na watu zaidi ya 200. Wanaowahi alfajiri waliweka madaftari kwenye viti, sisi tuliotoka kazini tukasimama ukutani. Nilipoandika tasnifu nilimpelekea msimamizi wangu sura tatu za kwanza kwenye bahasha ya kaki. Nikasubiri. Baada ya miezi minne nikaingia ofisini kwake, nikaiona chini ya rundo la bahasha nyingine, imefungwa vilevile kwa pini zangu mbili. Simlaumu yule mzee, alikuwa na watu wengi kupita uwezo wa binadamu. Lakini mwaka uliofuata ilitokea nafasi ya kazi Nairobi, wakataka barua kutoka kwa mwalimu wangu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe ulikuwa darasa langu?" Akaniandikia mistari mitatu, na jina la babu yako akalikosea. Ile nafasi sikuipata.

Ndiyo maana nakwambia nenda Tuck.

Nimeisoma habari yake jioni kadhaa sasa. Ilianzishwa mwaka 1900, ndani ya chuo cha Dartmouth, mji wa Hanover, jimbo la New Hampshire. Ni shule ya kwanza duniani kufundisha biashara kwa ngazi ya uzamili. Harvard walianzisha yao mwaka 1908. Mfadhili alikuwa Edward Tuck, aliyetoa hisa zake za kampuni ya reli kwa kumbukumbu ya baba yake, Amos. Na aliyemwendea kumwomba alikuwa mkuu wa chuo wakati huo, William Jewett Tucker. Yeye na Edward walikuwa wakilala chumba kimoja enzi za uanafunzi wao. Mimi mhasibu, habari ya hisa ilinivutia, lakini hili la chumba kimoja ndilo lililonikaa. Shule nzima imetokana na watu wawili waliojuana wakiwa vijana.

Sasa tazama hesabu. Harvard wanachukua watu 900 na zaidi kwa mwaka, wakiwagawa kwenye madarasa ya watu kama 90. Tuck mwaka mzima ni kama 300 tu. Halafu Dartmouth haina shahada ya kwanza ya biashara, kwa hiyo wale maprofesa hawagawanyiki kati yenu na maelfu ya vijana wa chini. Kenneth French, ambaye jina lake liko kwenye vitabu vyako vya fedha pamoja na la mwenzake Eugene Fama, alifundisha pale. Mwaka wa kwanza mnapangiwa makundi ya kujisomea ya watu watano au sita, na wengi mnaishi palepale shuleni.

Nakufahamu, mama. Ulipokuwa darasa la tano mwalimu wako alituita, tukadhani umefanya kosa. Akasema huyu mtoto anajua majibu lakini hanyooshi mkono. Akakufungua kiganja, tukakuta jibu la hesabu umeliandika kwa kalamu ya wino, limeanza kufutika kwa jasho. Umekua, umefanya kazi benki miaka mitano, lakini kwenye mkutano wenye watu wengi bado ninyi wa viganjani mnakaa kimya. Kwenye kundi la watu watano huwezi kunyamaza wiki nzima. Watakusubiri useme. Usipofika, kiti chako kitaonekana. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa kuliko zote, na nisingempa mtoto wa mtu mwingine bila kumjua kwanza. Wapo wanaochangamka kadiri watu wanavyoongezeka. Wewe si mmoja wao.

Sitakuficha gharama zake. Hanover ni mji wa watu wasiofika 12,000, wanafunzi wakiwemo. Boston ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari. Theluji inakaa miezi. Nimesoma kwamba wanafunzi wasiojua kabisa kuteleza kwenye barafu wana timu zao za hoki, wanaitwa miguu mitatu kwa sababu wanaegemea fimbo wasianguke. Jiunge nao. Masomo ya kuchagua ni machache kuliko kwenye shule kubwa, na ukitaka fani moja nyembamba sana unaweza usiipate. Waliohitimu pale walioko huku kwetu Afrika Mashariki ni wachache. Harvard wana wengi zaidi kila mahali. Ila kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya wahitimu wa Tuck wamekuwa wakiichangia shule yao kila mwaka, kiwango ambacho shule nyingi hazifikii. Kwa uzoefu wangu wa kukusanya michango, mtu hatoi fedha yake mwaka baada ya mwaka kwa mahali asipopapenda, na mtu wa namna hiyo ukimpigia simu anapokea.

Wala usidhani nakwambia kila shule ndogo ni nzuri. Nyingine ni ndogo kwa sababu hakuna anayezitaka. Binamu yako akikuomba ushauri mwakani, mwambie aulize walimu wa kudumu ni wangapi, nani anafundisha mwaka wa kwanza, ithibati wanayo ya nani, na kama TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wataitambua shahada hiyo akirudi nyumbani. Aombe kuzungumza na mhitimu wa miaka kumi iliyopita, si wa mwaka jana tu.

Wewe pia fanya hivyo kabla ya kulipa amana. Mtafute Mwafrika aliyepita pale, umuulize majira ya baridi aliyamalizaje na nani alimsaidia kupata kazi ya kwanza. Akikwambia kitu kinachopingana na barua hii, msikilize yeye kuliko mimi.

Jumapili baada ya ibada nipigie, tukae na hesabu ya ada mstari kwa mstari: msaada waliokupa, mkopo, na kile kiwanja cha Pongwe. Mama yako ameshasema yuko tayari kiuzwe. Mimi bado nataka kwanza tuone kama tunaweza bila kukiuza.

Baba yako