Shukrani kwa dada wa wodi ya utengamao

Mdogo wangu alianguka na bodaboda bila kofia ngumu, akaumia ubongo. Alipozinduka alitutambua sote, lakini hakuweza kupanga jambo: alitia majani ya chai kwenye kikombe kitupu, akabaki akiyatazama.

Mtaalamu mmoja wa tiba kazi, yaani tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake za kila siku, dada ambaye hakupenda jina lake litajwe, alituuliza kwanza mgonjwa wetu alikuwa mtu wa namna gani, na aliposikia kwamba ni mchezaji wa bao, kesho yake alikuja na ubao na kete, akamtaka azisambaze shimo kwa shimo kwa mkono wa kulia uliolegea, huku akihesabu kwa sauti. Kupika chai nako alikugawa hatua kwa hatua, akachora kila hatua kwenye karatasi, kisha akawa anaondoa picha mojamoja kadiri mgonjwa alivyokumbuka. Akichoka, alimpumzisha, kwani ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi. Sisi, kwa kutojua, tulikuwa tukiuita uchovu huo uvivu.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinikaribisha chai aliyoipika mwenyewe, yenye tangawizi. Dada, Mungu akulipe. Nanyi mnaouguza mgonjwa kama wetu, mwelezeni mtaalamu alichokipenda kabla ya ajali.