Uamuzi kuhusu mtoto mwenye ulemavu uandikwe, mzazi apate cha kukatia rufaa

Mhariri,

Shule zinapofunguliwa, wapo wazazi wanaoambiwa maneno mazito wakiwa wamesimama mlangoni pa ofisi: "Huyu hatumuwezi, mpelekeni shule maalumu." Hawapewi barua wala sababu. Mzazi humshika mtoto mkono akarudi naye nyumbani, akiamini kwamba serikali imeshaamua na mambo yamekwisha.

Mimi ni mmoja wao. Mwanangu ana miaka 9 na ana mtindio wa ubongo. Mikono yake ni migumu na maneno humtoka polepole, lakini hesabu anazijua, na hadithi akisomewa mara moja huisimulia yote. Siku ya tathmini ya kuamua asome wapi aliulizwa maswali harakaharaka, akakatizwa kabla hajamaliza kujibu. Kisha nikaambiwa kwa mdomo tu kwamba atolewe Gredi ya 3, awekwe katika mkondo wa hatua, na nimtafutie shule ya bweni kaunti nyingine. Nilipoomba ripoti nikajibiwa kuwa hiyo ni ya ofisi.

Msomaji asiye na mtoto kama wangu huenda asione uzito wa jambo hili. Katika mtaala wa umilisi wa Kenya, maarufu kama CBC, watoto wengi hupanda gredi kwa gredi. Wengine, ambao ulemavu unawazuia kufuata mpangilio huo, hufuata hatua, kuanzia ya msingi hadi ile ya ufundi. Kwa mtoto anayezihitaji, hatua hizo ni msaada mkubwa na sizibezi hata kidogo. Lakini anayewekwa huko kimakosa hatafanya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, na wenzake. Atafanya KILEA, tathmini ya walio katika mkondo wa hatua, na njia yake tangu hapo inaelekea ufundi, hata kama kichwa chake kingeweza kumfikisha chuo kikuu. Uamuzi unaogusa maisha yote ya mtoto namna hiyo unatolewaje bila hata karatasi moja?

Siwalaumu maafisa wote wa vituo vya tathmini, vile tunavyoviita EARC. Vituo hivi vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na wapo watoto waliotolewa mafichoni majumbani kwa sababu yake. Wala sisemi kila mtoto akae shule ya kawaida. Mtoto kiziwi anaweza kunawiri zaidi pale ambapo walimu na wenzake wote wanatumia Lugha ya Ishara ya Kenya. Ninachotaka ni kwamba, mzazi asipokubaliana na uamuzi, awe na njia ya kuupinga.

Kwa mujibu wa sheria, njia ipo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho inakwenda mbali zaidi: ofisi ikiombwa sababu na isizitoe, basi shauri likifika mbele ya jaji itachukuliwa kwamba uamuzi ule haukuwa na sababu ya maana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza, katika kifungu cha 34, kumbagua mtoto anayetafuta nafasi shuleni kwa sababu ya ulemavu, na katika kifungu cha 93 inaunda Jopo la Rufaa za Elimu.

Tatizo ni kwamba Jopo hilo husikiliza malalamiko dhidi ya maamuzi ya Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mwalimu mkuu si Bodi. Afisa wa EARC si Bodi. Kwa hiyo mzazi anapaswa kwanza kuiandikia Bodi, Bodi iamue, ndipo aende kwenye Jopo. Na ataiandikia nini ikiwa hana hata mstari mmoja unaoonyesha nani aliamua, lini, na kwa sababu gani? Rufaa inakufa hapo hapo, kabla haijazaliwa.

Uingereza, chini ya sheria yao ya 2014, halmashauri ikikataa kumtathmini mtoto au kumpa msaada, barua ya kukataa lazima imweleze mzazi haki yake ya kukata rufaa, na kwa kawaida ana miezi miwili ya kufanya hivyo. Wazazi walio wengi wanaofika mbele ya jopo la huko hushinda. Si kwamba wanajua sheria kutuliko sisi; barua yenyewe ndiyo inayowafundisha.

Namwomba Waziri wa Elimu aagize kila EARC itoe fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza: mtoto amepatikana na nini, anapendekezewa nini na kwa nini, nani ameamua, na mzazi asiyeridhika aende wapi na kabla ya tarehe gani. Nakala ya ripoti apewe mzazi siku hiyo hiyo.

Kwa wazazi wenzangu: msisubiri fomu hiyo. Andikeni barua ya kuomba sababu, mtaje Kifungu cha 47, mpeleke nakala mbili na mhakikishe yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mkikaliwa kimya, ipelekeni kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Malalamiko kule hupokelewa bila malipo.

Kuna jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Wizara iweke wazi kwamba rufaa ikiendelea mtoto habanduki darasani kwake. Jibu linaweza kuchukua miezi, na mtoto aliyekaa nyumbani miezi yote hiyo atakuwa ameshapoteza masomo hata akishinda.

Mzazi,
Kilifi