Kwa nini hatufungi ringi mpya kwenye silinda iliyokwisha

Wiki iliyopita mteja mmoja aliondoka gerejini kwetu Buguruni akilalamika kwamba tumemkomoa, kwa sababu aliomba abadilishiwe ringi tu, yaani pete zinazozunguka pistoni na kuziba mwanya kati yake na silinda, nasi tukamtajia bei ya kuchonga silinda na kufunga pistoni mpya. Lalamiko hili limekuwa la kila mara, na kwa kuwa Mzee, fundi wetu mkuu anayejulikana na kila dereva wa bodaboda mtaani, si mtu wa kubishana, tumeona tulieleze kwa maandishi.

Pikipiki inapotoa moshi wa bluu, inachoma oili. Moshi ukitoka asubuhi inapowashwa kisha ukakoma, kwa kawaida sili za valvu (mipira inayozuia oili isipenye kwenye valvu) ndizo zimechoka, na hiyo ni kazi ndogo ambayo hatumtozi mtu bei ya pistoni. Moshi ukizidi kila unapovuta mafuta, tunafungua na kupima silinda. Pistoni haikandamizi kuta zote kwa nguvu sawa, hivyo tundu lililotumika sana huacha kuwa duara. Ringi mpya ikiingia humo huacha mwanya, oili inapanda na moshi unarudi. Ndiyo maana silinda huchongwa ili ipokee pistoni iliyozidi ile ya kiwandani kwa milimita 0.25 au 0.50; silinda ikishafika 1.00, mara nyingi haina nyama tena ya kuchongwa.

Dereva mmoja wa mkataba, aliyebanwa na hesabu ya bosi wake, alikwenda kufungiwa ringi tupu kwingine. Oili iliendelea kupungua bila yeye kuikagua, hadi beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zikaungua, akalipia krenki pamoja na silinda ileile aliyoikwepa. Alipoileta kwetu tukafungua, tulikuta chujio la hewa limeondolewa ili injini “ipumue”, kumbe vumbi la barabarani ndilo lililokuwa likiisaga silinda.

Bei yetu ina malipo ya mchongaji, ambaye si mwajiriwa wetu, na pistoni ya Kariakoo ambayo risiti yake tunakukabidhi pamoja na spea zako za zamani. Kilomita 500 za kwanza endesha polepole, kisha uje tumwage oili. Oili utanunua wewe, ufundi wa siku hiyo hatutozi.