Jumamosi: nyumba ya Karen Blixen

Hamjambo wapendwa. Tunakutana kituo cha Kencom, katikati ya Nairobi, saa mbili asubuhi, tupande matatu ya mtaa wa Karen pamoja. Kiingilio kinalipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo simu iwe na chaji na kitambulisho usisahau. Watoto waje pia.

Nyumba ilijengwa 1912. Blixen, mwandishi kutoka Denmark, aliishi hapo 1917 hadi 1931 akilima kahawa. Shamba lilimshinda, maana pale ni juu mno na kuna baridi. Baada ya uhuru Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo, na 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwenye kututembeza atasimulia mengi kumhusu. Nawaomba tumuulize pia habari za Wakikuyu waliochuma kahawa hiyo, kwani bila mikono yao shamba lisingekuwepo.

Mimi bustani ndiyo naipenda zaidi. Ukisimama nyuma ya nyumba unaviona vilima vya Ngong, na kwenye miti kuna mtambo wa zamani wa kahawa, chuma kitupu. Tusiharakishe hapo, tafadhali.

Chakula tutakula Karen tukitoka. Wanaokuja, andikeni majina hapa kabla ya Alhamisi jioni.