Barua ya wazi kwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar: mchango usio na risiti

Kwa Mheshimiwa Sheikh, Kadhi Mkuu wa Zanzibar,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia kutoka Wilaya ya Micheweni, Kaskazini Pemba, ambako mimi ni msaidizi wa sheria. Barua nimeiacha wazi kwa makusudi. Jambo lenyewe si la mtu mmoja wala la kesi moja, na wengi linaowagusa hawajui hata kama lina mlango wa kulipeleka. Ni mali iliyochumwa ndani ya ndoa, na inakokwenda siku talaka inapotoka.

Sheria tunayo, alhamdulillahi. Ile ya 1985 iliyosimamia Mahakama za Kadhi ilikuwa kimya juu ya mgao wa mali, na mwanamke aliyeachwa alirudi kwao na sanduku lake, mambo yakaishia hapo. Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017 ndiyo iliyowapa makadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale ambapo kila mmoja alichangia. Haikuja yenyewe. Jumuiya za kiraia zililisemea suala hili miaka mingi, wakiwemo wanasheria wanawake wa ZAFELA, na walisemwa sana kwa hilo, hata wakaambiwa wanataka kuvunja nyumba za watu.

Lakini kifungu kinataka mchango, na mchango unataka ushahidi. Hapo ndipo tunapokwama.

Kanuni ya mahakama yako naijua na siipingi: bayyina, yaani ushahidi, ni juu ya anayedai, na yamini, yaani kiapo, ni juu ya anayekanusha. Tatizo ni namna inavyomwangukia mama wa huku kwetu. Anasema, nimetia pesa zangu katika nyumba hii. Anaulizwa, risiti ziko wapi? Hana. Mume anazo risiti za saruji, za bati na za mbao, zote zina jina lake, kwa kuwa aliyekwenda dukani Konde au Wete ni yeye. Anaapa kuwa nyumba kaijenga mwenyewe. Na mara nyingi, Sheikh, hasemi uongo. Pesa iliyonunua saruji ilitoka mfukoni mwake kweli.

Suala ambalo halipewi nafasi ni hili: pesa hiyo ilipataje kubaki mfukoni?

Mwani umelimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, na wengi mno wa wakulima wake ni wanawake. Tangu mwanzo ulionekana ni kazi ndogo ndogo, ya kupata sabuni na kanga, na wanaume waliojaribu wengi waliuacha kwa ajili ya malipo yake madogo. Siku hizi mama anashinda ndani ya maji hadi kiunoni, anafunga mbegu kwenye kamba, anavuna, anabeba gunia bichi kichwani, anaanika. Ule mwani wenye bei nzuri unakufa kwa joto la maji. Uliobaki kwa wingi ni huu wa bei ndogo. Hicho kidogo anachokipata hakinunui bati. Kinanunua mchele, dagaa, mafuta ya taa, daftari, sare za skuli, nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Kinalipa upatu. Mume naye, akiona nyumba inakula na watoto wanasoma, pesa yake ya karafuu au ya dago, yaani kambi ya uvuvi, anaiweka kwenye matofali. Baada ya miaka nyumba imesimama. Mchele umeliwa. Talaka ikitoka, aliyenunua matofali ana nyumba, na aliyenunua mchele hana hata ganda la kumwonyesha kadhi.

Mimi si mwanachuoni, na mbele yako sithubutu kufundisha fiqhi. Nauliza tu kama mwanafunzi. Nafaqa, yaani matunzo ya nyumba, ni wajibu wa mume. Hilo kila mtoto wa madrasa analijua. Na tumesomeshwa kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, hata kupika na kufua si wajibu wa mke, akifanya ni ihsani yake. Basi shilingi ya mke iliyonunua mchele ililipa wajibu wa mtu mwengine. Ikiwa alitoa kwa hiari na kwa kusamehe, ni sadaka yake, ana thawabu zake. Lakini nani aliyemuuliza? Mbona mahakamani inachukuliwa moja kwa moja kuwa amesamehe? Qur'ani katika Suratun Nisaa imesema wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Sioni mahali iliposema fungu la mwanamke likiliwa na familia huwa limefutika.

Wapo watakaosema mwanamke aliyeachwa ana kiliwazo chake, yaani kile anachopewa na mume anapoachwa, kinatosha. Kiliwazo ni haki yake nyengine, nayo pia wengi hawaipati, lakini tusichanganye. Kiliwazo ni cha kumtuliza moyo anayeachwa. Fungu la mali ni lake kwa jasho lake, hata kama moyo wake umetulia tuli na talaka kaitaka mwenyewe.

Wala sidai jambo geni kwa Waislamu. Malaysia, wenzetu katika madhehebu ya Shafi, mahakama zao za sharia zinagawa mali iliyochumwa pamoja, wao huiita harta sepencarian, na sheria yao ya 1984 inamtaka hakimu aangalie pia kazi ya kutunza nyumba na familia kwa yule ambaye jina lake haliko kwenye hati. Indonesia, katika mkusanyiko wao wa hukumu za Kiislamu wa 1991, kila mmoja kati ya walioachana anachukua nusu ya mali ya pamoja, ila kama waliandikiana vyengine. Nchi hizo zina maulamaa. Tanzania Bara, Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikwishatamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Najua Sheria ya Ndoa ya Bara haifiki huku, na sisemi tuichukue. Nasema tusibaki nyuma katika haki ambayo asili yake tunayo wenyewe.

Kuna fundo jengine ambalo mgeni wa mjini huenda asilione. Nyumba nyingi za huku zimejengwa katika kiambo, juu ya ardhi ya wazee wa mume. Mke akidai, jawabu huwa ardhi si ya mume hata igawiwe. Ni kweli, ardhi haigawiki. Lakini jengo lina thamani yake mbali na ardhi, na thamani hupimwa. Anayebaki na jengo amlipe mwenzake, hata kwa mafungu. Na haki hii, Sheikh, si ya wanawake peke yao. Wapo wanaume waliojenga katika viambo vya wake zao, na siku ya siku wakaondoka na mkoba wa nguo. Nao pia hawana pa kusema, ingawa wao huona haya zaidi kulalamika.

Ninaloomba kwako liko ndani ya uwezo wa ofisi yako. Toa mwongozo kwa makadhi wa wilaya zote, Unguja na Pemba, unaoeleza kinachokubalika kuwa ushahidi wa mchango. Daftari la kikundi cha kuweka na kukopa liwe ushahidi. Kumbukumbu za mnunuzi wa mwani, stakabadhi ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, jirani aliyeona nani alikuwa akilisha nyumba, fundi aliyelipwa chakula chake cha mchana na mke kwa miezi mizima, vyote vipokelewe na vipimwe, visikataliwe mlangoni kwa kuwa si risiti ya saruji. Matumizi ya nyumba aliyoyabeba mke yahesabiwe katika mchango. Kama akidai mume kuwa alisamehewa, basi yeye ndiye anayedai hapo, na bayyina iwe juu yake.

La pili ni la mwanzo wa ndoa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inatuamrisha kuandikiana na kushuhudisha tunapokopeshana, nasi ndani ya nyumba hatuandiki kitu kwa kuoneana muhali. Mke akitaka kuandika alichotoa huonekana anangojea talaka. Muhali huo hawezi kuuvunja bibi harusi mwenye miaka ishirini. Wewe unaweza, kupitia makadhi wanaoozesha. Karatasi ya ndoa ipate nafasi ya kuandika kila mmoja ameingia na nini, na wanandoa waelezwe, wote wawili, mbele ya mawalii wao, kwamba wanaruhusiwa kuandikiana wanachojenga.

Sisi wasaidizi wa sheria tuko tayari kuupeleka mwongozo huo shehia kwa shehia. Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 imetutambua, na wengi wetu tunafanya kazi hii bila mshahara, hivyo gharama isiwe kisingizio cha mtu yeyote.

Na kabla sijasahau, jambo dogo ambalo kwa akina mama si dogo. Tarehe za kesi zikipangwa siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na mwani kufikika, mama anachagua kati ya shamba lake baharini na mahakama. Akikosa mahakama anaonekana hana haja na dai lake, akikosa bahari wanawe hawali. Makarani waangalie mwezi kabla ya kupanga. Nawe ukijaaliwa kuja Micheweni kuwasikiliza, na tunaomba uje, njoo siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, utawakuta wote nyumbani.

Wabillahi tawfiq.

Msaidizi wa sheria, Micheweni, Pemba