Gari la zimamoto halikuja bila maji

Mhariri,

Nyumba ikiungua Dar es Salaam, lawama ni ile ile: "Zimamoto wamekuja bila maji." Mimi nilikuwa dereva na mwendesha pampu hadi nilipostaafu, na naomba nafasi nipige hesabu hadharani. Gari lenye tangi la lita 5,000 likifungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, linakauka kwa dakika 6 na ushei. Maji yalikuwepo; yameisha mbele ya macho yenu.

Ndiyo maana mwendesha pampu, hata kabla ya kupandisha presha, anauliza haidranti, yaani bomba la mtaani la kujazia magari ya zimamoto, iko wapi. Mara nyingi iko chini ya meza ya muuza mitumba, au imefukiwa na lami barabara ilipokarabatiwa. Basi tunatafuta bwawa au mto. Huko nako kuna mipaka: pampu haivuti maji kama watu wanavyodhani. Inaondoa hewa kwenye mpira wa kunyonyea, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Kinadharia mwisho wa kupanda, kutoka usawa wa maji hadi kwenye pampu, ni mita 10 hivi. Kazini, ukipita mita 7 unahangaika bure. Kiungo kikilegea kidogo tu, hewa inaingia, maji hayapandi, na wananchi (nimeyaona haya) wameshaanza kuokota mawe.

Wenyeviti wa mitaa wazikague haidranti zao, wazipake rangi, wamwondoe anayeegesha gari juu yake. Na anayepiga 114, namba ya dharura ya zimamoto, ataje pia maji ya karibu yako wapi.

Mwendesha pampu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam