Wanaoona magofu ya Kilwa yakimomonyoka waulizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na watafiti wanaokuja kuchimba mabaki ya kale Kilwa Kisiwani na Songo Mnara.

Upepo wa kusi ukichachamaa na bamvua, yale maji makuu ya bahari, ikapanda, bahari hula ukingo wa kisiwa. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100, limekaa juu ya genge, na Gereza, ngome ya kale, liko karibu kabisa na maji. Jiwe likiporomoka pale, wa kwanza kuliona ni mvuvi anayerudi alfajiri na ngalawa yake, au mama anayetafuta pweza mwambani maji yakipwa. Mtaalamu ataliona siku atakayokuja.

Sasa huyo mvuvi akishaliona, amwambie nani? Hakuna daftari wala namba ya simu aliyopewa. Akiokota kigae au sarafu ya shaba mchangani huificha, au huitupa, asije akaambiwa ni mwizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na ni sawa ivilinde. Lakini wanakijiji ninaozungumza nao wanachokijua katika sheria hiyo ni makatazo tu.

Wapo wanaosema akiolojia ni kazi ya wasomi. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, akiwa zamuni katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu chache ufukweni akaziweka. Miaka mingi baadaye zikachunguzwa, na tano zikatambuliwa kuwa za Kilwa! Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje kule. Waliporudi kutafuta, walitegemea ramani ambayo askari yule alikuwa ametia alama mahali alipoziokota. Alama moja ya kalamu, ya mtu asiyesomea kazi hiyo. Mvuvi wa Kisiwani angeshindwa na nini?

Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960. Taarifa yake, juzuu mbili nene, ilitoka Nairobi mwaka 1974 kwa Kiingereza. Mimi nafundisha historia sekondari na sijakutana na mzee yeyote wa Kisiwani aliyepata kuisoma. Timu zilizofuata nazo nyingi zimeandika katika majarida ya nje. Vijana wa hapa hubeba karai na kuchekecha mchanga, hulipwa kibarua chao, shimo hufukiwa. Ukiwauliza kilichopatikana humo watakujibu "shanga", basi. Zilitoka wapi, za karne gani, zinasema nini kuhusu waliojenga mji huu, hawakuambiwa. Kisha tunashangaa mtu akichukua jiwe la gofu akajengee banda la mbuzi.

Sisemi hakuna lililofanyika. UNESCO iliyatia magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikayaondoa humo mwaka 2014. Hayakutoka huko kwa maneno. Wakazi walifundishwa kukarabati kuta kwa chokaa na mawe ya matumbawe, na mikoko ikapandwa kukinga ufukwe. Chokaa si ushamba: saruji ni ngumu kuliko tumbawe, hufungia unyevu ndani ya ukuta, na mwishowe jiwe ndilo linalokatika. Fundi anayelijua hilo ni hazina. Ila mradi ukifungwa, fundi naye hurudi baharini au hupanda basi la Dar es Salaam, na ujuzi huondoka naye.

Scotland nako dhoruba zinaila pwani. Kati ya 2012 na 2016 taasisi ya SCAPE, iliyoko Chuo Kikuu cha St Andrews, iliwafundisha watu wa kawaida kukagua maeneo ya kale ya pwani, kupiga picha kwa simu na kutuma taarifa, na orodha ya maeneo hayo waliyokuwa nayo wataalamu ikasahihishwa kwa kazi yao. Simu hata Kisiwani zipo.

Kwa hiyo naomba kila kibali cha kuchimba kiwe na sharti: kabla timu haijaondoka, iache kwenye ofisi ya kijiji na shuleni kurasa chache za Kiswahili, zenye picha, zikieleza kilichopatikana na kilikopelekwa. Tena isome mbele ya mkutano wa kijiji, iulizwe maswali. Na wizara iteue wakazi wa Kisiwani na Songo Mnara, wanaume kwa wanawake, wapige picha sehemu zilezile za ukingo na kuta kila bamvua kubwa, wakiwa na mtu wa kumpigia simu ambaye atapokea. Walipwe posho. Hilo nimelitaja makusudi, kwa sababu semina za "kuhamasisha jamii" tumehudhuria za kutosha, na soda tumekunywa.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wako tayari kuanza na ukuta wa Gereza kusi hii. Nauli ya mashua tutachangishana. Tunachosubiri ni wizara itutajie ofisa wa kumpelekea picha.

Mwalimu wa historia,
Kilwa Masoko